Neno Alilokataa Mzee Shaame

Hitesh alinipigia simu asubuhi, nikiwa barazani kwangu Mbweni nasahihisha madaftari ya wanafunzi, akaniambia Bi Kazija wa Jang'ombe amefariki alfajiri na atazikwa adhuhuri. Nikasema inna lillahi. Kisha akaniuliza, "Utakwenda, Raya?" Nikamwambia ntakwenda. "Kila siku unasema hivo," akasema, bila ya ukali, akakata. Alikuwa na haki. Tangu azikwe mumewe, Mzee Shaame, miaka kumi na saba sasa, sijatia mguu nyumba ile. Kila nikialikwa, kwa hitma au kwa harusi, hupeleka salamu na udhuru, na watu wa mjini wanadhani ni majivuno. Si majivuno. Kuna neno moja nililitengeneza kwa mikono yangu, nikalitia kinywani mwa mtu aliyekwisha kataa kulisema, na niliogopa kukutana macho na mwanamke ambaye neno hilo lilimuumiza kuliko mtu yeyote.

Ya kwetu, ya wazee wangu na skuli nilizosoma, siyatii humu, hayana kazi. Nianze na chumba. Kilikuwa ghorofani, Hurumzi, juu ya duka la vitambaa la babake Hitesh, na ukipanda ngazi ulipita katikati ya harufu ya doti mpya za khanga na ya ubani aliouwasha mamake kila asubuhi mbele ya picha za miungu yao. Hitesh alikuwa na miaka ishirini na sita, amerudi kutoka masomoni na kompyuta mbili na wazo moja: gemu la mpira litakalotangazwa kwa Kiswahili, Kiswahili cha huku, na mtangazaji ambaye watu wa huku wangemtambua hata wakifumba macho. Mimi nilikuwa na ishirini na tatu, nimemaliza chuo na sina kazi, na alinichukua kwa sababu alinisikia mara moja harusini nikiwaigiza watangazaji wa redio, wanawake wakacheka mpaka wakafuta machozi. Tulizipiga kuta za chumba kile magodoro ya sufi tupu, tukatandaza mazulia juu ya sakafu, tukafunga madirisha. Joto lilikuwa la tanuri. Hata hivyo ikitoka adhana tulisimama, ikipita pikipiki uchochoroni tulisimama, na mpiga pasi wa nyumba ya pili akianza kuimba tulimpelekea chai ili apumzike kidogo.

Mtangazaji aliyemtaka Hitesh alikuwa Mzee Shaame. Alikuwa amestaafu redio, lakini sauti yake kila mtu wa rika letu alikua nayo. Jumamosi jioni ilitoka kwenye madirisha ya mji mzima kwa pamoja, ukatembea kutoka Malindi mpaka Mlandege bila ya kukosa hata pasi moja. Siku ya kwanza aliyopanda ngazi zile alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya mkono, akashika kamba ya ngazi, akafika juu anahema. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee Shaame." "Marahaba, mwanangu. Uwanja uko wapi?" Nikamwonesha maikrofoni na kiti. Akaviangalia, akaangalia na magodoro ukutani. "Nitangaze nini hapa, mbu?" Tulicheka, na kuanzia hapo nilimpenda.

Kazi yangu ilikuwa kuandika maneno, yeye ayasome, kisha mimi niyakate vipande vipande kwenye kompyuta, na Hitesh aifundishe kompyuta wakati gani itoe kipande gani. Tulidhani ni jambo jepesi. Kwa kila tukio tuliandika matamshi matatu: matatu ya bao, matatu ya kona, matatu ya kipa kudaka. Baada ya siku mbili za kulichezea gemu letu wenyewe tulitamani kulitupa. Palikuwa na tamshi moja nililojivunia sana, "Kipa kalala kama gunia la karafuu!" Mara ya kwanza lilikuwa tamu. Mara ya kumi na mbili mamake Hitesh, ambaye Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, aliita kutoka chini, "Hitesh! Huyo kipa wenu hajaamka tu?" Tukaongeza yakawa matamshi kumi, tukaongeza yakawa thelathini. Nilikwenda viwanjani na daftari, nikakaa nyuma ya wanaume nikisikiliza wanavyotukana na wanavyosifu, nikarudi na kurasa zimejaa. Lakini bado, mechi ya tatu au ya nne, unahisi uko na mtu anayesema kwa kukariri, mtu ambaye hakuoni. Ilikuwa inatisha kidogo. Sauti ya mtu hai, unayemjua, iko pale, na mwenyewe hayumo.

Aliyetufungua macho ni yeye Mzee Shaame. Tulikuwa tunakula mchana, sisi watatu tumekaa juu ya zulia, mamake Hitesh ametuletea chapati na dengu na achari ya ndimu, na mimi nalalamika kwamba nimeishiwa maneno. Mzee akasema, "Raya, leo umenambia 'samahani' mara ngapi?" Sikujua. "Nyingi. Sikuzisikia. Lakini ungenambia mara moja tu, 'Mzee, ndevu zako kama povu la bahari,' kesho ukarejea, ningekuona mwendawazimu." Akamega chapati. "Maneno ya kawaida yarejee, hayamchoshi mtu. Lile tamu ndo la kulifungia. Litoke mara moja kwa msimu, na likitoka litoke pahala pake." Hitesh aliacha kula, akaenda kuandika. Mzee akaendelea kuniambia mimi: mtangazaji haangalii mpira tu, anakumbuka. Mchezaji aliyekosa dakika ya kumi akifunga dakika ya themanini, hilo si bao tu, huyo mtu amejikomboa. Na mtangazaji hachoki kuzungumza mambo ya pembeni, mvua inayokuja, mtu aliyepanda juu ya ukuta, mzee muuza kahawa. Kwa hiyo tukaanza upya. Kila jina la mchezaji alilisema kwa sauti tatu, ya chini, ya kati, na ya juu kabisa. Na kila alasiri, kazi ikimalizika, nilimwachia maikrofoni azungumze tu, chochote, nami nikarekodi. Miezi ile ndiyo iliyokuwa bora kuliko yote niliyowahi kufanya kazi. Gemu lilianza kupumua.

Halafu tulifika kwenye orodha ya majeruhi. Ukurasa mmoja tu: mchezaji ameanguka, mchezaji yuko chini, mchezaji anatibiwa. Nilikuwa nimeandika matamshi ishirini na mawili, karibu yote yenye neno "atanyanyuka." Mzee aliupokea ukurasa, akausoma kimya, akasoma kwa maikrofoni "Yuko chini," mara tatu kwa sauti tatu, akaukunja. "Basi," akasema. Nikamwambia bado, Mzee, kuna "Atanyanyuka huyu," kuna "Ngoja tuone, atanyanyuka." Akasema, "Hayo sisemi." Nilidhani anatania. "Ni maneno ya kawaida tu, Mzee. Watangazaji wote wanasema." "Wao waseme. Mie, mwanangu, sisemi." Akasimama, akaomba maji. Kesho yake nilijaribu tena, na kesho kutwa nikajaribu kwa njia ya mzunguko, nikachukua ukurasa wa kona na kulitia neno lile katikati ya mengine. Alilifikia, akaliruka, akaendelea, kama mtu anayeruka ngazi iliyooza kwenye nyumba anayoijua. Sikumuuliza kwa nini. Leo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilitafuta kila hila isipokuwa kuuliza.

Hitesh alikuwa amekwisha waalika watu waje kulijaribu gemu, na kila mchezaji alipoanguka, sauti ilisema "Yuko chini," tena "Yuko chini," tena "Yuko chini," mpaka ikawa kama kengele mbovu. "Fanya chochote, Raya," aliniambia. Nikafanya. Katika zile alasiri za mazungumzo Mzee alisema kuhusu muuza kahawa mmoja aliyekuwa akisinzia nje ya uwanja: "Kalala yule, lakini mpira ukianza atanyanyua birika lake." Nililitafuta faili lile, nikalikata neno "atanyanyua," nikalitoa herufi ya mwisho nikalitia "ka" ya "kahawa," nikalisafisha, nikalipandisha sauti kidogo, nikaliunga nyuma ya "Yuko chini." Ilinichukua alasiri moja. Liliungana vizuri mno, usingelisikia kovu. Nakumbuka nililicheza mara nyingi, peke yangu, nikitabasamu.

Siku ya majaribio chumba kilijaa. Vijana wa mtaani, mamake Hitesh mlangoni, sahani za katlesi na bajia, na Mzee Shaame kwenye kiti mbele, mikono juu ya bakora. Kipindi cha kwanza watu walikuwa wanacheka kwa raha, wanageuka kumtazama yeye kila sauti yake inapotoka kwenye kompyuta. Kisha mchezaji mmoja akapigwa mtama karibu na kona. "Makame. Yuko chini. Atanyanyuka." Mzee akauliza, "Nani kasema hivo?" Mmoja akamjibu kwa kicheko, "Wewe, Mzee! Nani mwengine?" "Mimi sijasema." Hakupandisha sauti. Aligeuka polepole akatazama uso wa kila mtu mpaka akanipata, na mimi nikaangalia sakafu. Akasimama, akatafuta makubadhi yake kwenye lundo la viatu mlangoni, akavaa, akashuka. Mtu mmoja akasema wazee wana hasira siku hizi. Gemu likaendelea, na kabla halijesha mchezaji mwengine akaanguka, na sauti yake ikalisema tena neno lile, kwa sauti ileile, na mwenyewe ameshafika uchochoroni.

Nilimaliza wiki nzima kabla ya kupata moyo wa kwenda Jang'ombe. Mzee hakuwapo, alikuwa ameshakwenda msikitini kwa sala ya alasiri. Bi Kazija alinikaribisha uani, alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na hakuacha kukuna. Nikamwamkia, akaitikia. "Wewe ndo Raya," akasema. "Naam." "Kaa." Nikakaa juu ya kibao. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa Mzee, nimetumia sauti yake vibaya. Alikuna kifuu kile mpaka kikabaki cheusi, akakiweka kando, ndipo akazungumza.

"Tulikuwa na mtoto akiitwa Idi. Winga. Babake akimtangaza kama anavyomtangaza mtoto wa mtu yeyote, hata jina la baba hakulitaja hewani, anaona aibu. Siku hiyo mimi niko hapahapa, nakaanga samaki, redio iko dirishani, pale. Idi kaanguka. Hakuguswa na mtu. Nikamsikia babake anasema, 'Yuko chini. Atanyanyuka.' Kisha akasema tena, 'Atanyanyuka huyu, namjua.' Na mara ya tatu. Basi mimi nikamwamini. Mume wangu anamwona, mimi simwoni. Kasema atanyanyuka." Aliinua mkono wenye machicha ya nazi, akauangalia. "Samaki wangu nikawageuza. Umeona? Mwanangu anakufa, mie nageuza samaki upande wa pili wasiungue."

Jirani wa ukuta wa pili alikuwa anamwita mtu aje achukue ndoo yake, na sauti ile ya kawaida ilinifanya nitake kulia.

"Alipokuja babake nyumbani nilimwambia neno baya," akaendelea. "Nilimwambia, 'Wewe umenidanganya mbele ya nchi nzima.' Nikamwambia asilitamke tena neno hilo, si nyumbani, si kwenye redio, si popote, maadamu mimi ni mzima. Na hakulitamka. Ukumbuke ni mtangazaji. Miaka yote ile watu wanaanguka na kuinuka mbele yake, na yeye akatafuta njia ya kupita. Mimi nikisikiliza kila mechi, namvizia. Hakulitamka." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Alikuja juzi kukaa hapo ulipokaa wewe. Akanambia, 'Kazija, limetoka, lakini si mimi.' Mtu mzima yule, analia."

Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia nitalifuta siku ileile. Bi Kazija akachukua kifuu chengine, akasema nisiondoke bila ya kula, akanipakulia boga la nazi kwenye kibakuli, nami nikalila lote kwa sababu sikuthubutu kubakisha. Nilirudi Hurumzi nikalifuta neno kwenye kila kompyuta, huku namsimulia Hitesh. Yeye akakaa kitako kwenye ngazi na uso mikononi. Kwenye majaribio tulikuwa tumegawa diski, ili watu wakacheze makwao watuletee maoni. Tulizifuata nyumba kwa nyumba, mpaka Chukwani, tukazirudisha zote isipokuwa mbili.

Mzee Shaame alirudi baada ya mwezi na zaidi. Hatukumtarajia. Alipanda ngazi, akapumzika katikati, akapanda tena, akasalimia kana kwamba aliondoka jana. Nilitaka kupiga magoti. Akanizuia kwa mkono. "Nimekuja kumaliza ukurasa wangu," akasema. Hitesh akamwambia hapana haja, tutaacha "Yuko chini" peke yake. Mzee akatikisa kichwa. "Nimezungumza na Kazija, mwenye nyumba wangu. Tumezungumza sana, mambo hatujapata kuyazungumza. Washa chombo chako." Nikawasha. Akakaa, akaweka kofia juu ya meza, akainama mbele ya maikrofoni kama mtu anayeangalia kitu cha mbali chini kiwanjani. Nikasubiri. Hakusema kitu. Nikamsikia kwenye vidude vya masikioni, pumzi inaingia, pumzi inatoka, kiti kinalia kidogo, pumzi inakwama, inatoka. Ilikuwa nusu dakika au zaidi. Kisha akajiegemeza nyuma. "Weka hiyo. Kila mtu akianguka."

Hitesh, mtu wa kompyuta, akasema kwa adabu, "Mzee, kimya tunacho. Hata nisipoweka kitu, kitakuwa kimya."

"Hicho hakina mtu ndani yake," Mzee akamjibu. "Siku ile ningekaa kama hivi. Mama mtu angejua, angeacha kila kitu akaja."

Tukaweka. Baadhi ya walionunua gemu walituandikia kwamba lina kasoro, mtangazaji anapotea mchezaji akiumia, na Hitesh kila mara aliwajibu kwamba hapana kasoro. Mzee mwenyewe hakuyaona hayo. Alifariki kabla ya mwaka kwisha, kwa ugonjwa wa siku nne, na alizikwa mchana wa mvua. Na mimi, wiki chache baadae, napita Mkunazini nikiwa na mfuko wa ndimu mkononi, kwenye kibanda cha gemu kilichokuwa na pazia la shanga, nikamsikia. "Hamadi. Yuko chini. Atanyanyuka." Ndimu zilinidondoka. Niliingia, nikamwuliza mwenye kibanda diski ile kaipata wapi, nikamwomba anipe. Akanipa, kwa huruma, akidhani mimi ni mgonjwa. "Lakini nakala ziko kila pahala, dada," akasema. Ndipo nilipoacha kupita Jang'ombe. Nilijua lazima siku moja ingefika dirishani kwa Bi Kazija, sauti ya marehemu mumewe ikilisema neno lile, safi, bila ya kovu.

Nimekwenda mazikoni. Nilifika maiti imeshatoka, wanawake wamekaa juu ya mikeka, na binti yake Salma, nesi, mwanamke wa makamo sasa, alinitambua kabla sijavua viatu. Aliniongoza uani. Nikampa pole, na kabla sijapoa nikamuuliza moja kwa moja kama mama yake aliwahi kulisikia.

"Alilisikia," akasema Salma. "Mwaka uleule. Jirani alikuwa na diski ile. Alikuwa anatandika kitanda, akakaa juu ya shuka mpaka magharibi." Akanivutia kibao nikae. "Ndo Hitesh akatuletea lile gemu zuri, lisilo na neno. Mama kwanza hakutaka kuliona. Kisha siku moja akanambia, hebu lifungue. Mie mpira sijui, Bi Raya, mpaka leo sijui. Nilijifunza jambo moja tu, kuwakata watu miguu. Kwa sababu akiniambia, 'Muangushe mmoja.' Namuangusha, kinakuja kile kimya, naye anasogeza kiti. Ananambia, 'Usicheze, mwache kwanza.' Halafu anasema, 'Huyo. Huyo ndo baba yako alivyokuwa akilala.' Miaka, Bi Raya. Karibu kila siku baada ya chakula cha mchana. Mpaka kompyuta ikafa, na hakuna aliyeweza kuitengeneza. Hii miaka miwili ya mwisho kalala bila ya hicho, na alikuwa akikiulizia. Mpaka juzi kakiulizia."

Nikamwambia kwamba ninayo rekodi ya pumzi ile. Ya asili, niliyoirekodi mwenyewe, imo kwenye simu yangu, imehama nami kutoka simu hadi simu. Nilikuwa nayo mwendo mfupi kutoka kwa mwanamke yule, muda wote huo, nikimkimbia.

Salma hakunilaumu. Alifuta macho kwa ncha ya mtandio, akatoa simu yake, akaniwekea kiganjani.

"Nitilie," akasema. "Hiyo tu. Yenye maneno usinitilie."